Herufi ya Mwisho: Majina ya Wanaume wa Latvia na Wanaoyabeba



Naomba tuanze na orodha. Tangu Latvia ijitangazie uhuru tarehe 18 Novemba 1918, wanaume kumi wameshika cheo cha urais wa nchi hiyo ndogo iliyo ukingoni mwa Bahari ya Baltiki. Kabla ya vita walikuwa Jānis Čakste, Gustavs Zemgals, Alberts Kviesis na Kārlis Ulmanis. Ikapita miongo mitano ya utawala wa Kisovieti, ndipo wakaja Guntis Ulmanis, Valdis Zatlers, Andris Bērziņš, Raimonds Vējonis, Egils Levits na Edgars Rinkēvičs. (Kati ya Guntis na Valdis alitawala mwanamke, Vaira Vīķe-Freiberga, kwa miaka minane, naye angestahili mada yake mwenyewe.) Msomaji anayeisoma orodha hiyo kwa sauti atasikia jambo moja kabla ya mengine yote: majina yote kumi ya kwanza yanaishia na s.

Hoja yangu ni kwamba jina la mwanamume wa Kilatvia ni mali ya lugha kwanza, na mali ya mwenye jina baadaye. Kila aliyepata mamlaka juu ya Walatvia, awe mchungaji wa Kijerumani, karani wa Kirusi au bunge lao wenyewe, ameliandika upya jina hilo, na mara nyingi mkono wake umeangukia pale pale, kwenye herufi ya mwisho.

Kazi ya s

Tunaposema Juma amekuja, kitabu cha Juma, nimempa Juma, jina lenyewe halitikisiki. Kazi yote inafanywa na vitenzi na vihusishi vinavyolizunguka. Katika Kilatvia kazi hiyo hufanywa na jina. Anayekuja ni Jānis. Kitabu chake ni cha Jāņa. Ukimpa kitu, umempa Jānim. Ukimwona, umemwona Jāni. Na ukimwita kutoka ng'ambo ya barabara unapaza sauti Jāni! bila s yoyote. Basi s ile ni alama ya mtenda wa sentensi, na papo hapo ni alama ya uanaume. Majina ya wanawake huishia na a au e, hata ya ukoo: mume ni Bērziņš, mkewe ni Bērziņa. Yapo majina machache ya kiume yaliyojiponyea, kama Oto, Ivo, Raivo na Bruno, ambayo huishia na o na hayabadiliki popote yanapowekwa.

Mgeni naye haachwi. William Shakespeare katika vitabu vya Kilatvia ni Viljams Šekspīrs, na George Bush alikuwa Džordžs Bušs. Wageni wengi hucheka wakiona hivyo. Mimi naona Walatvia wana sababu: lugha inayotambua nani amempiga nani kwa kutazama miisho ya maneno haiwezi kulibeba jina lisilo na mwisho wake bila sentensi kuyumba.

Mwaka wa mkulima ulioandikwa kwa majina ya watu

Ukristo uliingizwa Latvia kwa upanga wa Wajerumani kuanzia mwisho wa karne ya 12, nao ukaleta majina ya watakatifu. Yohana akawa Jānis, Petro akawa Pēteris, Yakobo akawa Jēkabs, Mikaeli akawa Miķelis. Lakini wakulima waliyachukua majina hayo na kuyatia katika kalenda yao ya shamba, na hapo yakapata maisha ambayo kanisa halikuyakusudia.

Tarehe 23 Aprili ni Jurģi, siku ya Mtakatifu Joji. Siku hiyo vibarua na wapangaji wa mashamba walikuwa wakimaliza mwaka wao kwa tajiri mmoja na kuhamia kwa mwingine, mizigo juu ya gari la farasi. Hadi leo Mlatvia anayehama nyumba husemwa ana Jurģi, hata kama anahama mwezi wa kumi. Jēkabi, tarehe 25 Julai, ulikuwa wakati wa mkate wa kwanza wa nafaka mpya. Miķeļi, tarehe 29 Septemba, ulifunga mavuno. Mārtiņi, tarehe 10 Novemba, alichinjwa jogoo, na watu waliojifunika nyuso walianza kuzunguka nyumba kwa nyumba.

Sikukuu iliyo kubwa kuliko hizo zote ni Jāņi, sikukuu ya Jānis. Usiku wa kuamkia tarehe 24 Juni, ambapo jua la kaskazini karibu lisizame, nchi nzima hutoka mijini na kwenda mashambani. Huwashwa mioto, hunywewa bia, huliwa jibini ya mviringo iliyotiwa mbegu za kisibiti, na huimbwa hadi alfajiri. Kila mwanamume aitwaye Jānis huvishwa shada la majani ya mwaloni kichwani, naye ndiye mwenyeji wa usiku huo, awe profesa au dereva wa lori. Katika nyimbo za asili Jānis huyu hafanani sana na Yohana Mbatizaji. Ni kama mungu wa mavuno aliyekopeshwa jina la Kikristo. Krišjānis Barons (1835–1923), aliyepanga nyimbo fupi za Kilatvia zaidi ya 217,000 katika kabati lenye saraka ndogo ndogo, aliwapa wasomi ushahidi wa jambo hilo. Kabati lenyewe liliingizwa na UNESCO mwaka 2001 katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia.

Watawala wa Kisovieti walilielewa jina la Jānis kuliko tunavyodhani. Baada ya wakomunisti waliotetea maslahi ya Latvia kuondolewa madarakani mwaka 1959, sikukuu ya Jāņi ilipigwa marufuku kwa miaka kadhaa. Watu waliendelea kuwasha moto. Ni vigumu kuikataza sikukuu ambayo karibu kila ukoo una mtu mwenye jina lake.

Kando ya sikukuu hizo ipo siku ya jina. Karibu kila tarehe ya kalenda ya Kilatvia imepewa majina yake, na siku ya jina lako ikifika wageni huja bila kualikwa. Mwenye jina huweka keki na kahawa tayari na kusubiri. Asiyekuwa na jina katika kalenda amepewa tarehe 22 Mei, siku ya wote wasioandikwa.

Waliofufuliwa

Hadi mwanzoni mwa karne ya 19 wakulima wa Kilatvia walikuwa watumwa wa ardhi chini ya mabwana wa Kijerumani, wengi wakitambulishwa kwa jina la kwanza na jina la shamba. Waliwekwa huru katika jimbo la Kurzeme mwaka 1817 na Vidzeme mwaka 1819, Latgale ikangoja hadi 1861, na baada ya uhuru huo ndipo majina ya ukoo yakagawiwa. Waandishi wa vitabu vya ubatizo walikuwa wachungaji Wajerumani, nao waliandika kwa tahajia ya kwao.

Katikati ya miaka ya 1850 mwanafunzi mmoja katika Chuo Kikuu cha Tartu alibandika kadi mlangoni pake: C. Woldemar, na chini yake neno la kusema kwamba yeye ni Mlatvia. Wakati huo Mlatvia aliyesoma alitarajiwa ageuke Mjerumani. Huyo ndiye Krišjānis Valdemārs (1825–1891), na kadi hiyo hutajwa kama mwanzo wa Mwamko wa Taifa. Kinachonivutia ni kwamba utaifa ulikuwa umeshakuwa wa Kilatvia, ila jina bado limevaa tahajia ya Kijerumani. S ya mwisho ilikuja baadaye.

Kizazi kilichomfuata kilitafuta majina ambayo hayakutoka kwa mchungaji. Walikwenda kuyachimba, cha ajabu, katika historia iliyoandikwa kwa Kilatini na mpinzani wao, padri Henry wa Livonia wa karne ya 13. Humo walimkuta shujaa wa Kilivi aliyemchoma mkuki Askofu Berthold mwaka 1198, wakamwita Imanta. Walimkuta Tālivaldis wa Tālava, aliyeuawa na Waestonia mwaka 1215, na Visvaldis, mfalme wa Jersika, ambaye ngome yake ilitekwa mwaka 1209. Andrejs Pumpurs aliandika shairi juu ya Imanta mwaka 1874, na katika karne ya 20 maelfu ya wavulana waliitwa Imants. Mmoja wao ni mshairi Imants Ziedonis.

Hapa taaluma ya majina huharibu furaha kidogo. Visvaldis husikika kama Kilatvia kitupu, mtawala wa wote, lakini wanahistoria wengi wanaona nyuma yake jina la Kislavoni, Vsevolod. Imanta hakuwa Mlatvia, alikuwa Mlivi, mtu wa lugha iliyo jamaa ya Kiestonia. Uldis anatokana na Ulrich wa Wajerumani. Gunārs, Ivars na Egils walivuka bahari kutoka Skandinavia. Sidhani hilo linawapunguzia Walatvia kitu. Jina likishapokea miisho ya lugha na kupewa tarehe katika kalenda, limeshapata uraia.

Yapo pia yaliyotengenezwa kwa maneno ya nyumbani: Dzintars ni kaharabu, ile inayookotwa kwenye fukwe za Baltiki, Laimonis amebeba bahati, Modris yu macho. Tukirudi kwenye orodha ya marais tutaona historia hii imejipanga yenyewe. Wanne wa mwanzo wana majina ya Biblia na ya Kijerumani. Baada ya 1991 wanatokea Guntis, Valdis na Egils, watoto wa wazazi waliochagua kwa sikio jipya. Guntis Ulmanis mwenyewe alizaliwa 1939, akapelekwa Siberia na familia yake mwaka 1941. Aliporudi na mama yake kuolewa tena, alipewa jina la ukoo la baba wa kambo, Rumpītis, maana Ulmanis, jina la rais aliyepinduliwa na Wasovieti, lilikuwa hatari. Baadaye alilirudia. Guntis halikuguswa.

Jina kama ushahidi

Upande wa Urusi jina la Kilatvia lilipoteza s yake na kuongezewa jina la baba kwa mtindo wa Kirusi. Msanii Gustavs Klucis, mmoja wa mabingwa wa picha za kuunganisha vipande, anajulikana katika makumbusho ya dunia kama Gustav Klutsis. Alipigwa risasi mwaka 1938 katika operesheni ya polisi wa siri wa Stalin dhidi ya Walatvia waliokuwa wakiishi Umoja wa Kisovieti, ambamo zaidi ya watu 16,000 waliuawa. Wakati huo mtu aliyejulikana kuwa Mlatvia, jina lake likimtangulia, alikuwa mshukiwa tayari.

Mwaka huo huo waliuawa watu wawili walioitwa Jānis Bērziņš. Mmoja alikuwa mwanadiplomasia Mbolsheviki. Mwingine, aliyewahi kuwa mkuu wa ujasusi wa jeshi la Kisovieti, hakuzaliwa na jina hilo kabisa: alikuwa Pēteris Ķuzis, akajificha ndani ya jina na ukoo ambavyo Latvia imejaa. Wanaotafiti kipindi hiki wanapaswa kuwa waangalifu. Nimeona maandishi yaliyowachanganya wawili hao.

Hati ya kusafiria

Baada ya uhuru kurudi, bunge la Latvia liliamua kwamba majina katika hati za serikali yaandikwe kwa desturi na tahajia ya Kilatvia. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Lugha ya Taifa ya 1999 kinasema hivyo, huku kikimruhusu mwenye jina kuomba umbo la asili liandikwe pia kando. Takriban robo ya wakazi wa nchi ni Warusi kwa asili, kwa hiyo Vladimir akawa Vladimirs na Sergei akawa Sergejs.

Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, katika shauri la mwanamke aliyeolewa na Mjerumani, ilikubali mwaka 2004 kwamba Latvia ina haki ya kuilinda lugha yake kwa njia hiyo. Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa iliona vingine. Mwaka 2010 ilitoa maoni juu ya malalamiko ya mwanamume wa Kiyahudi mwenye kuzungumza Kirusi, aliyeitwa Leonid kwa miaka mingi kabla hati zake hazijamwita Leonīds. Kamati ilisema kumlazimisha mtu abebe mwisho asioutaka ni kuingilia faragha yake kinyume cha Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa.

Naafikiana na Kamati. Gazeti la Riga likiandika Leonīds, linafanya kazi ya sarufi, na hakuna aliyeumizwa. Pasipoti si sentensi. Haina kiima wala yambwa, na humo s haifanyi kazi yoyote ya lugha, inafanya kazi ya dola. Taifa dogo la watu wasiofika milioni mbili, lililoona majina yake yakikatwa na makarani wa dola mbili kubwa, lilitarajiwa kulijua hilo mapema kuliko wengine. Umbo la asili lililosogezwa pembeni mwa ukurasa ni nafuu, lakini lingestahili kuwa ndilo la mbele kwa yeyote anayeliomba.

Kwetu sisi waandishi, wafasiri na wahariri wa Kiswahili nina ombi dogo. Mwanakikapu Kristaps Porziņģis, kondakta Andris Nelsons na mwongozaji Gints Zilbalodis, ambaye filamu yake ya katuni ilishinda Oscar mwaka 2025, wanaingia katika kurasa zetu za michezo na sanaa. Tuyaandike majina yao kamili, pamoja na s ya mwisho na alama zake, na tusiyachukue kutoka kwenye tahajia ya Kirusi au ya Kiingereza wakati ya kwao ipo.