Wimbo Uliorudi Kapkatet



Tumeombwa kusema machache juu ya urafiki unaodumu, nasi tumeona tuanzie hapa jirani, Kapkatet. Mwaka wa 1950, Hugh Tracey, mtafiti wa muziki kutoka Afrika Kusini, alifika huko na mitambo ya kunasa sauti. Wasichana wa Kipsigis wakamwimbia wimbo uitwao Chemirocha. Jina hilo ni la Jimmie Rodgers, mwimbaji na mpiga gitaa wa Marekani aliyefariki mwaka wa 1933. Sauti yake ilifika milimani kwetu kwa santuri. Wasichana wale hawakuwahi kumwona, lakini walilitamka jina lake kwa ulimi wa nyumbani, wakamwimba kama mtu wao.

Tracey aliondoka na sauti zile. Zikahifadhiwa Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka wa 1954, na watu wa ng'ambo wakazisikiliza. Ilipita takribani miaka 65 kabla ya maktaba hiyo na Ketebul Music ya Nairobi kuurudisha wimbo Kapkatet. Mzee mmoja aliyekuwa miongoni mwa walioimba enzi zile akasikia tena muziki wa ujana wake.

Ndugu zetu, Walawi 25 inatufundisha kwamba jubilii ni mwaka wa kurudi: kila mtu airudie milki yake na jamaa yake.

Sauti za kwaya hii nazo zina wenyewe. Wapo waliostaafu wakarudi Kisii, Nyamira au Kakamega. Wapo waliohama kambi mashine za kuchuma chai zilipoingia. Wapo walio papa hapa kijijini, ila magoti hayawaruhusu tena kupanda kilima cha kanisa.

Kwa hiyo tunaomba jambo moja. Kabla mwaka huu haujaisha, kila sauti, ya kwanza hadi ya nne, iwataje waliosimama safu yake zamani. Walio karibu tuwatembelee, tunywe chai, tuwaimbie. Walio mbali tuwapigie simu, tuwaimbie vivyo hivyo, kisha tunyamaze ili nao waimbe sehemu yao. Wale wa Kapkatet walingoja miaka 65. Wazee wetu hawana miaka mingi hivyo ya kungoja.