Usipoziba Ufa: Je, Bomba Lenu Limezeeka?

Leo nazungumza na akina mama, akina nyanya na walezi wote wanaotumia maji ya mfereji, iwe ni mjini Kericho, Litein, Sotik au Bomet, au katika nyumba za wafanyakazi kwenye mashamba ya chai. Nina swali. Tangu mwezi huu uanze, maji yamekatika kwenu mara ngapi? Na je, bomba limepasuka wapi?

Huenda ukasema, "Hiyo ni kazi ya mafundi." Ni kweli, kuziba bomba ni kazi yao. Lakini bomba limezikwa ardhini, na fundi halioni. Wewe unayeteka maji kila asubuhi ndiwe unayeona dalili mapema. Tena mtoto akianza kuhara, wewe ndiwe utakayembeba hadi zahanati.

Hebu tuelewe uchafu unavyoingia. Maji yakiwa na presha ndani ya bomba, penye ufa hutoka nje. Maji yakikatika, presha huisha na ufa ule ule huweza kufyonza yaliyo nje: maji ya mtaro, ya choo, ya matope. Maji yanaporudi, uchafu huo huja hadi kwenye ndoo yako. Hivyo ndivyo maji yaliyotoka kituoni yakiwa safi yanavyoweza kukuletea viini vya kuhara, homa ya matumbo au kipindupindu. Huko Zimbabwe, mabomba ya maji na ya maji taka ya jiji la Harare yaliachwa yakachakaa. Kipindupindu kilichozuka nchini humo mwaka 2008 kiliua zaidi ya watu 4,000 kufikia 2009. Ugonjwa huu si mgeni kwetu pia. Mwaka 2015 Kaunti ya Bomet ilikuwa miongoni mwa zilizopatwa nao.

Sasa, mafundi wanapotaka kujua ni bomba lipi liko karibu kuharibika, hawatazami umri peke yake. Huuliza maswali ambayo mengi yake wewe unaweza kuyajibu.

Kwanza, limepasuka mara ngapi? Hili ndilo swali kubwa. Bomba lililopasuka mara tatu mwaka huu lina hatari zaidi ya kupasuka tena kuliko lile ambalo halijapasuka, hata kama yalizikwa siku moja.

Pili, ni la nini, na limelala katika udongo gani? Udongo wetu mwekundu una asidi, na ndiyo sababu majani chai huupenda. Lakini asidi hiyo hula chuma polepole. Na ukiona maji ya kwanza ya asubuhi yana rangi ya kutu, jua bomba linaliwa kwa ndani pia. Bomba la plastiki halishiki kutu, lakini likizikwa juujuu hupasuka kwa urahisi.

Tatu, nini kinapita juu yake? Fikiria trekta za kubeba majani chai, greda inayokwangua barabara, na mizizi ya mikaratusi.

Nne, liko juu au bondeni? Kila maji yanaposhuka mita 10, presha huongezeka. Kwa hiyo mabomba ya bondeni hubeba mzigo mkubwa, hasa usiku watu wanapokuwa wamefunga mifereji.

Tano, likipasuka, nani ataumia? Bomba linalopita ndani ya mtaro au karibu na choo, au linalopeleka maji zahanati na shuleni, lafaa kutengenezwa kwanza.

Basi majirani mnaotumia mfereji mmoja, wekeni daftari moja. Andikeni tarehe, mahali, maji yalikatika saa ngapi, yalirudi na rangi gani. Mpelekee kampuni ya maji au ofisi ya matengenezo ya shamba, na afisa wa afya ya umma pia apate nakala. Ukisema tu "maji ni mabaya," fundi hajui aanzie wapi. Sema, "Bomba la karibu na choo cha shule limepasuka mara nne tangu Machi." Usione haya kufuatilia. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinasema maji safi, salama na ya kutosha ni haki yako.

Na nyumbani je? Maji yakirudi, yale ya kwanza yakinge kando ya kupigia deki, mpaka yatoke meupe. Lakini weupe haumaanishi usalama. Yachemshe. Mji wa Kericho uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na huku maji huchemka kabla hayajapata moto kama ya Mombasa. Yaache yatokote kwa dakika 3 kamili. Au tia dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, kisha ungoje dakika 30. Kibuyu cha mursik nacho kisuuze kwa maji yaliyochemshwa. Mtoto wa chini ya miezi sita anyonye maziwa ya mama tu, bila maji.

Mtoto akihara, mpe maji ya ORS mara kwa mara, endelea kumnyonyesha, na uulize zahanati kuhusu vidonge vya zinki. Macho yakibonyea, akishindwa kunywa, akitoa damu, au choo kikiwa kama maji ya mchele, usingoje kuche. Mpeleke kituo cha afya mara moja.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa bomba hauonekani, lakini daftari lako litauonyesha. Lianze leo jioni. Ni mimi muuguzi wenu wa jamii. Kwaheri hadi juma lijalo.