RISASI YA BETRI NA NDOANO ZETU

(Mazungumzo ya kikundi cha uvuvi kwa wanachama wa ushirika, Lusu)



Sisi wa kikundi cha uvuvi tumetumwa na kamati tuseme juu ya jambo moja. Vijana wetu wameona kwenye simu jinsi watu wa nchi nyingine wanavyojitengenezea ndoano zenye kichwa cha risasi na kuzipaka rangi ya unga. Wameleta hoja: betri mbovu za magari na za sola zipo, mkaa upo, mvua ikinyesha malambo yana kambale na perege, kwa nini tusitengeneze tukauza? Hoja hiyo ni ya watu wanaotaka kazi. Haistahili kuchekwa, inastahili jibu.

Kwanza tueleze kazi yenyewe. Risasi huyeyuka kwenye joto la nyuzi 327 za Sentigredi, na jiko la mkaa linafika hapo bila shida. Ikishayeyuka humiminwa kwenye kalibu ambamo ndoano imelazwa. Ikipoa, umepata ndoano yenye kichwa kizito. Kichwa hicho hupashwa moto tena, kikachovywa kwenye rangi ya unga kwa sekunde chache, na unga ukayeyuka na kushika. Tundu la kupitishia mshipi huzibuliwa mapema. Kisha ndoano huokwa, mara nyingi kwenye nyuzi 180 hivi kwa dakika 15 hadi 20, ili rangi ikomae. Rangi iliyokomaa haibanduki ovyo ikigonga mawe, na mkono wa mvuvi haugusi risasi. Hayo ni kweli, hatuyakatai.

Lakini ndugu, rangi hiyo inafunika nini? Inafunika kichwa kilichokwisha kutengenezwa, basi. Haifuniki moshi uliopanda wakati wa kuyeyusha. Haifuniki taka ya kijivu iliyobaki kwenye sufuria, wala tindikali ya betri iliyomwagwa uani. Anayenunua analindwa, anayetengeneza na watoto wake wamebaki wazi. Hilo ndilo neno letu la leo.

Mfano upo. Huko Senegali, karibu na Dakar, kuna mji wa wavuvi uitwao Thiaroye-sur-Mer. Kwa miaka mingi wahunzi wa pale walivunja betri za magari, wakayeyusha risasi na kutengeneza vizito vya nyavu. Kazi kama hiyo hiyo tunayoitaka sisi. Taka zikaingia kwenye mchanga. Bei ya risasi ilipopanda, kina mama wakaanza kuchekecha mchanga ule watafute vipande vya kuuza, na vumbi likaingia mpaka vyumbani. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walikufa. Walikuwa watoto wadogo, ambao wenyewe hawajawahi kuyeyusha chochote.

Kwa nini watoto? Shirika la Afya Duniani linasema mtoto mdogo akimeza risasi, mwili wake hunyonya mara 4 hadi 5 kuliko wa mtu mzima. Mtoto hutambaa, hushika chini, hutia mkono kinywani. Risasi hukaa kwenye mifupa na meno kwa miaka, hupunguza damu na kudhuru ubongo, na mama mjamzito humpitishia mtoto aliye tumboni. Hakuna kiasi kinachojulikana kuwa ni salama.

Risasi si ngeni kwetu watu wa Tabora. Karne ya 19 ilikuja na misafara ya kutoka Bagamoyo kwa ajili ya bunduki. Babu zetu walijua inaua ikitoka mtutuni. Sisi tujue kwamba inaua pia ikitoka kwenye sufuria, ila polepole na bila mlio.

Na si watu tu. Mwaka 1987 Uingereza ilikataza vizito vidogo vya risasi vya kuvulia kwa ndoano, kwa sababu ndege wakubwa wa majini walikuwa wanavimeza na kufa. Hapa kwetu bata na ng'ombe wanakunywa kwenye malambo hayo hayo.

Basi tufanye nini? Kukataza peke yake hakumpi kijana hela. Tunapendekeza haya:

1. Mtu asivunje betri wala kuyeyusha risasi nyumbani, uani, au karibu na kisima. Betri mbovu ziwekwe pamoja zikiwa nzima, juu ya sakafu, chini ya paa, mbali na watoto, mpaka zipatikane kwa kuuzwa kwa mkusanyaji mwenye kibali. Hapo hela ipo.

2. Vizito vitengenezwe kwa nati na vipande vya chuma. Chuma ni chepesi kuliko risasi, kwa hiyo kwa uzito ule ule kipande kitakuwa kikubwa karibu mara moja na nusu. Kwenye lambo maji yametulia, hakuna haja ya uzito mwingi.

3. Kina mama wafinyanzi wajaribu vizito vya udongo wa kuchoma vyenye tundu, kwa ajili ya nyavu. Vitakuwa vikubwa, lakini udongo ni wetu na hauna sumu hiyo.

4. Anayependa rangi ya unga aipake kwenye chuma. Inashika vizuri, ndiyo inayopakwa kwenye fremu za madirisha ya alumini na viti vya chuma. Aulize dukani kama rangi yenyewe haina risasi, aoke nje penye upepo, na oveni hiyo isipikiwe mkate kamwe.

Na kama kuna nyumba ambayo risasi imekwisha kuyeyushwa, tusione haya. Mtoto akiumwa tumbo mara kwa mara, akikosa choo, akilegea au akipata degedege, apelekwe zahanati upesi, na mzazi aseme wazi: "Nyumbani tuliyeyusha risasi." Asiposema, mganga atadhani ni malaria au minyoo. Kinachoonyesha risasi ni kipimo cha damu.

Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikaa vikundi vikundi kusikiliza redio, wakaelewa, ndipo wakachimba vyoo. Na sisi tuelewe kwanza, halafu mkutano uamue.

Atakayesoma hapa ukutani amsomee na asiyejua kusoma.