Bomba na Kiungo Chake: Pima Kwanza, Lipa Baadaye

(Mazungumzo kwa wanakisomo wa Kibiti na delta ya Rufiji)



Leo tunazungumza juu ya mabomba ya plastiki ya kutolea maji nje ya nyumba. Madukani huitwa mabomba ya PVC. Pengine mtu atauliza, "Jamani, bomba nalo lina mazungumzo?" Lina, ndugu zetu. Tusikilizane.

Wote tunakumbuka mafuriko ya Aprili 2024. Maji yalifunika mashamba na nyumba huku Rufiji na Kibiti. Bomba haliwezi kuzuia mto, tusidanganyane. Lakini yapo maji madogo ya kila siku: maji ya bati yanayomomonyoa ukuta, na maji ya bafu yanayotuama nyuma ya nyumba. Humo mbu wanazaana, na watoto wanachezea. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilihimiza watu kufukia madimbwi. Kazi hiyo haijaisha.

YALIYOTUPATA SISI

Sisi katika kikundi chetu tulichanga fedha tuyatoe maji ya bafu mpaka kwenye migomba. Mabomba tulinunua duka moja, elbo na tii duka jingine. Kote tulisema, "Tupe za inchi nne." Tukapakia chomboni, tukarudi kwetu deltani.

Kufika, kumbe elbo zinapwaya! Bomba linacheza ndani kama mchi kwenye kinu. Tukajaza gundi nyingi, tukangoja ikauke. Tulipomwaga ndoo ya kwanza, maji yote yakatokea kwenye kiungo. Kurudi dukani maana yake ni kungoja maji yajae, nauli ya chombo mpaka Nyamisati, kisha nauli ya gari mpaka Kibiti. Na kitu kilichokwisha pakwa gundi, mwenye duka hakipokei. Fedha ya wanakikundi ikapotea hivyo.

KOSA LILIKUWA WAPI?

Kosa ni kununua kwa jina. "Inchi nne" ni jina tu. Lipo bomba ambalo kipenyo chake cha nje, yaani upana wake toka ukingo huu mpaka ule, ni milimita 110. Lipo jingine la milimita 114 na kidogo. Yote mawili watu huyaita ya inchi nne! Tofauti ni milimita 4 tu, lakini zinatosha kuharibu kazi. Gundi ya PVC si udongo wa kuzibia tundu. Inalainisha uso wa bomba na uso wa kiungo, ndipo vinashikana. Penye nafasi, haishiki.

NAMNA YA KUCHAGUA

1. Soma maandishi. Ubavuni mwa bomba pameandikwa namba. Ukiona 110, hicho ni kipenyo cha nje kwa milimita. Kiungo nacho huwa na namba yake. Namba hizo zifanane. Hapa ndipo kisomo kinapotulipa.

2. Maandishi yakifutika, tumia uzi. Uzungushe bomba mara moja, kisha upime uzi kwa futi kamba. Ukipata sentimita 34 na nusu, bomba ni la 110. Ukipata karibu 36, ni la 114.

3. Nenda dukani na kipande cha bomba lako. Kiingize kwenye elbo kabla ya kulipa. Kiingie kiasi, kisha kianze kubana. Kikipwaya, kiache.

4. Usichanganye aina. Ule mpira mweusi wa maji unaouzwa umeviringishwa ni plastiki nyingine. Gundi ya PVC haiushiki kabisa. Na kiungo chenye ringi ya mpira ndani hakipakwi gundi.

5. Ukilazimika kuunga bomba dogo na kubwa, nunua redyusa. Maji yatoke dogo yaingie kubwa. Ukigeuza, uchafu utakwama.

6. Usipanue bomba kwa moto. Wapo wanaolipasha jikoni ili mdomo uwe mpana. Ukuta wake unakuwa mwembamba, na likiungua moshi wake una sumu. Nunua soketi, ndugu.

NAMNA YA KUUNGA

Panga vitu vyote pasipo gundi kwanza, uone kama vinakutana. Kata bomba wima, usikate mshazari. Sugua kwa msasa, futa vumbi, hakikisha pakavu. Paka gundi kwenye bomba na ndani ya kiungo, sukuma mpaka mwisho, ushikilie kidogo. Fanya hivyo penye hewa, mbali na moto na sigara, maana gundi hii hushika moto upesi.

Mdomo mpana wa bomba utazame maji yanakotoka. Kila mita 1, bomba lishuke sentimita 1 mpaka 2. Penye kona, elbo mbili za nyuzi 45 zinapitisha uchafu vizuri kuliko moja ya 90.

Bomba lisiachwe juani, maana jua hulifanya livunjike upesi. Lifukie, na chini yake tandika mchanga usio na mawe. Wenzetu wa bondeni wenye udongo mweusi wasisahau mchanga huo. Udongo ule hupasuka wakati wa kiangazi na kuvimba wakati wa mvua, na huweza kung'oa viungo.

Nasi wa deltani, mdomo wa mwisho uwe juu ya alama ya maji ya bamvua. La sivyo, maji ya chumvi yatarudi ndani. Na mahali popote, maji ya bafu yasielekezwe kisimani.

Ndugu zetu, safari ya pili tulikwenda na kipande chetu mkononi. Tulisoma namba wenyewe na kujaribu kila elbo pale pale dukani. Mwenye duka alicheka, lakini hatukulipa mpaka tuliporidhika. Leo migomba inapata maji na nyuma ya bafu ni pakavu. Nanyi fanyeni hivyo.



MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini si vizuri kununua bomba kwa jina la "inchi nne" tu?
2. Zungushia uzi bomba lililo karibu nanyi. Ni sentimita ngapi?
3. Kijijini petu maji yanatuama wapi? Tufanye nini kabla ya masika?