Ukisema "haivutii", sema ni wapi



Agosti 2025, Harambee Stars ilipoilaza Morocco 1-0 pale Kasarani katika CHAN, simu zetu zilijaa stika za WhatsApp zilizochorwa na mashabiki. Kijana mmoja wa hapa alinionyesha yake: mchezaji, bendera nyuma yake, na maneno mengi chini. Nikasema, "Hii haivutii." Akaifuta papo hapo. Kosa lilikuwa langu.

Ningemwambia nini? Kwanza ningemuuliza alitaka mtu ahisi nini akiiona. Kisha ningeitazama ikiwa ndogo, ndani ya mazungumzo. Stika huchorwa kwa pikseli 512 kwa 512, lakini kwenye simu huonekana ndogo sana, na maneno yake yalikuwa hayasomeki. Bendera nayo aliiweka kijani juu, ilhali nyeusi ndiyo hutangulia, kisha nyekundu, kijani chini. Hayo ni marekebisho ya muda mfupi tu. Uso wa mchezaji, kwa kweli, aliupatia kabisa. Hata hilo sikulisema!

AFCON 2027 itachezwa hapa Kenya, Uganda na Tanzania, na vijana wetu watachora tena. Mama, baba, mtoto akikuletea simu, usiseme tu "ni sawa" ukarudi kwenye chai yako. Mwonyeshe kwa kidole palipokwama, na palipokufurahisha. Nawe kijana, ukiambiwa ni mbaya, uliza, "Wapi hasa?"

Yule kijana ameketi pale nyuma. Nimemwomba aichore upya.