Betri Zilizokwisha Nguvu: Tuzihifadhije, na Tumwuzie Nani?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama)



Tumetakiwa na Halmashauri ya Chama tuseme nanyi habari ya betri zilizokwisha nguvu. Huenda wengine wakaona jambo hili ni dogo, halistahili nafasi katika mkutano ambamo karo za watoto, matanga na hesabu za fedha hutajwa. Lakini twaomba mtusikilize kwa subira, kwa maana linahusu damu na akili za watoto wetu.

Zamani nyumba nyingi za Meru na Embu zilijua betri ya namna moja tu, yaani yale mawe ya tochi na ya redio. Siku hizi sivyo. Tharaka na Mbeere, penye jua kali, nyumba nyingi huwashwa taa kwa nguvu za jua zilizowekwa katika betri. Magari yachukuayo miraa kutoka Maua yana betri. Pikipiki zina betri. Simu iliyo mfukoni mwa kila mmoja wetu ina betri. Kila moja ya hizo itakwisha siku moja, na wengi wetu hatujui pa kuipeleka. Basi hutupwa chooni, shambani, au katika moto wa takataka.

Kwanza yatupasa kuzijua, kwa kuwa betri zote si sawa.

Ya kwanza ni yale mawe ya tochi. Asili yake ni kazi ya Mfaransa Georges Leclanché, mwaka 1866. Nje ni kopo la zinki, katikati kijiti cha kaboni, na ndani unga mweusi wa manganizi. Hapa Kenya yalitengenezwa Nakuru tangu mwaka 1967 mpaka kiwanda kilipofungwa mwaka 2014. Mengine, yadumuyo zaidi, yana maji makali ya namna ya magadi, nayo yakivuja huunguza ngozi na kuharibu tochi. Wengi wetu tuliosoma shule za vijijini twakumbuka unga ule mweusi ukichanganywa na makaa kupakia ubao. Desturi hiyo na ikome, kwa sababu vumbi la manganizi likivutwa puani kwa muda mrefu hudhuru ubongo.

Ya pili ni betri ya gari, iliyobuniwa na Mfaransa mwingine, Gaston Planté, mwaka 1859. Ndani yake mna vyumba sita, kila kimoja cha volti mbili, jumla volti 12. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi, nayo imelowa tindikali kali. Hiyo ndiyo yenye thamani kuliko zote, na ndiyo yenye hatari kuliko zote.

Ya tatu ni betri za ioni za lithi, zilizoanza kuuzwa mwaka 1991 nchini Japani, na sasa zimo katika simu na taa nyingi za jua. Hazina risasi, lakini zikitobolewa, zikipondwa au zikitiwa motoni huweza kulipuka. Simu ikivimba mgongo, msiichaji tena wala msiibonyeze. Itengeni juu ya mchanga au sakafu ya saruji, mbali na kitanda na mapazia.

Ya nne ni vile vidonge vidogo vya saa na vya vitu vya kuchezea. Mtoto akimeza kimoja kikakwama kooni, huweza kuunguza koo lake kwa muda wa saa mbili tu. Msimtapishe, mpelekeni hospitali mara moja, hata kama hajalia.

Sasa turudi kwenye betri ya gari. Risasi huyeyuka kwa joto la digrii 327, nalo ni joto ambalo jiko la makaa laweza kulitoa. Kwa hiyo mtu yeyote mwenye nyundo, sufuria na makaa aweza kuipasua betri nyuma ya nyumba yake, akamwaga tindikali chini, akayeyusha risasi na kuiuza. Huona amepata faida. Hauoni moshi ulioingia mapafuni mwake, wala vumbi lililoshika nguo zake akaenda nalo nyumbani. Mtoto atambaaye hulishika vumbi hilo kwa mikono na kulitia kinywani. Risasi huingia katika damu na mifupa, hudhuru ubongo wa mtoto, na hudhuru mimba ya mama. Shirika la Afya Duniani lasema hakuna kiasi chake kijulikanacho kuwa salama. Mtoto huwa mzito wa kujifunza, na mzazi hudhani ni uvivu.

Haya si maneno ya vitabuni tu. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri kuukuu kuanzia mwaka 2007. Moshi na maji machafu yake viliingia kijijini, na watu wakaugua, watoto wakiwa wa kwanza. Mama mmoja aliyefanya kazi hapo, Phyllis Omido, alimwona mwanawe mchanga akiugua, na damu yake ikakutwa na risasi. Akawakusanya wenzake, wakapiga hodi katika kila ofisi. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka 2015 mama huyo akapewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wanakijiji walipwe shilingi bilioni 1.3. Rufani ikafuata, na mwezi wa Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha amri hiyo. Wazee wetu, pimeni wenyewe: kutoka mwaka 2007 hata 2024 ni miaka kumi na saba. Mtoto aliyezaliwa kiwanda kilipoanza alikuwa amekaribia kuwa mtu mzima, na hakuna fedha iwezayo kumrudishia akili aliyopotewa nayo.

Tusiseme Mombasa ni mbali. Tindikali na risasi zikimwagwa kando ya Kathita, Thuci au Rupingazi, mvua huzichukua mtoni, na mito hiyo yote hushuka kuelekea Tana. Jirani wa chini hunywa alichomwaga jirani wa juu.

Hatusemi vijana waache biashara ya chuma chakavu, maana ni riziki yao halali. Betri ya gari ikienda nzima katika kiwanda chenye leseni, risasi yake hutumika tena katika betri mpya, na hapo faida huwa ya wote. Ubaya ni kuipasua nyumbani. Sheria ya nchi ni moja na sisi: taka za hatari hazisafirishwi wala hazifanyiwi kazi pasipo leseni ya NEMA.

Kwa hiyo twaleta mbele yenu mapendekezo manne.

Kwanza, mwanachama asiipasue betri ya gari, wala asimwage maji yake. Aiweke imesimama wima, penye kivuli, mbali na watoto. Tindikali ikimwagika sakafuni, inyunyiziwe magadi. Ikimwagikia mtu, aoshwe kwa maji mengi safi kwa muda mrefu, kisha apelekwe kwa daktari.

Pili, Chama kiweke sanduku la mbao lenye kifuniko katika kila tawi, la kukusanyia mawe ya tochi na betri za simu. Ncha za betri za simu zifunikwe kwa utepe wa plastiki zisije zikagusana, na zitengwe na mengine.

Tatu, betri za gari ziuzwe pamoja, kwa mnunuzi aonyeshaye leseni yake, na makarani wa matawi waandike idadi, uzito na jina la mnunuzi. Mali bila daftari huisha bila habari. Akija mwingine akaongeza shilingi chache bila leseni, akataliwe. Hizo zitakuwa bei ya akili za watoto.

Nne, twawaomba wazee walipeleke neno hili katika mabaraza. Wazee wa Njuri Ncheke tangu zamani wamelinda misitu na chemchemi kwa amri zao, na watu wakatii kabla hapajakuwa na karatasi ya serikali. Amri ya mzee kwamba betri isipasuliwe penye makao ya watu itasikiwa mahali ambapo tangazo la ofisi halisomwi.

Mwenyekiti, mapendekezo hayo manne twayaweka mikononi mwa Mkutano ili yajadiliwe na kupigiwa kura leo.