Mwite kwa Jina Lake: Rangi ya Ngozi, Ulimi Wetu na Haki

Mada kwa viongozi wa walei na wajumbe wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo



Mada tuliyopewa leo yahusu rangi ya ngozi na maneno tunayoyatumia kuwataja watu. Huenda baadhi yenu mkajiuliza kwa nini Tume ya Haki na Amani ishughulike na maneno, hali yapo mambo mazito ya ardhi, ya mirathi ya wajane na ya rushwa. Jibu letu ni fupi. Kabla mkono haujainuka kumdhuru mtu, mara nyingi ulimi umekwisha kumvua utu wake. Anayetaka kuuzuia mkono hana budi kuanza na ulimi.

1. Jina ni mlango wa utu

Katika Maandiko Matakatifu Mungu hamwiti mtu kwa kasoro yake. Nabii Isaya atufundisha kwamba Bwana amemwita Israeli kwa jina (Isa 43:1), na Mwinjili Yohane atuonyesha Mchungaji Mwema anayewaita kondoo wake mmoja mmoja kwa majina yao (Yn 10:3). Bwana wetu mwenyewe aliyahesabu matusi katika jamaa moja na uuaji, alipoonya juu ya kumdharau ndugu kwa neno (Mt 5:21-22).

Haina maana kwamba kuitaja rangi ni dhambi. Katika Kanisa la Antiokia alikuwako Simeoni aliyeitwa Nigeri, yaani mweusi (Mdo 13:1). Rangi yake ilitajwa, naye akahesabiwa miongoni mwa manabii na walimu. Jina lile halikumpunguzia kiti chake. Hiki ndicho kipimo chetu: je, neno tunalolitumia linamwachia mtu nafasi yake mezani, au linamtoa nje ya mlango?

2. Maneno mawili yanayoua

Tuchukue mfano wa hapa kwetu Tanzania. Mtoto aliyezaliwa na ualbino tulizoea kumwita zeruzeru. Wengi wanaoitwa hivyo wamesema kwamba neno hilo linawaumiza, kwa kuwa linawaweka upande wa mizimu na si upande wa watu. Nalo limefuatana na uvumi kwamba watu hao hawafi, bali hutoweka tu. Tazameni mantiki ya uvumi huo. Asiyekufa hahitaji kaburi. Asiye na kaburi hana matanga. Asiye na matanga hakuna atakayeuliza ni nani aliyemwua.

Kisha likaja neno la pili la mitaani: dili. Mtu mwenye ualbino akipita, vijana hupigiana kelele kwamba dili hilo limepita, yaani fedha. Wasemao hudhani ni mzaha. Lakini tangu miaka ya 2006 na 2007, hasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, watu wenye ualbino wamewindwa, wamekatwa viungo na kuuawa, kwa sababu waganga wapiga ramli waliwaaminisha watu kwamba viungo hivyo huleta utajiri katika uvuvi, migodi na biashara. Hata makaburi yalifukuliwa. Kwa hiyo neno dili halikuwa mzaha, lilikuwa bei.

Ndiyo maana leo twasema mtu mwenye ualbino. Wengine hulalamika kwamba maneno ni marefu. Ni kweli ni marefu, lakini yanaanza na neno mtu, na hapo ndipo penye uzito wote. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 ilifuata njia hiyo hiyo: mtu kwanza, hali yake baadaye.

3. Ukweli utatuweka huru

Ujinga ndio shamba ambamo maneno mabaya huota. Hivyo yatupasa kuujua ukweli na kuufundisha.

Ualbino si laana, si adhabu, wala si ushahidi wa uzinzi wa mama. Ni hali ya kurithi, ambayo mwili hutengeneza kidogo mno, au hautengenezi kabisa, ile rangi ya asili iitwayo melanini. Ili mtoto azaliwe nayo, hurithi vinasaba vyake kutoka kwa baba na kwa mama, wote wawili, hata kama wao wenyewe ngozi zao ni nyeusi. Kwa wazazi wa namna hiyo, kila mimba ina uwezekano wa moja kati ya nne. Mume anayemfukuza mkewe kwa kumshuku kwamba alitembea na Mzungu amfukuza bure, kwani yeye mwenyewe ametoa nusu ya urithi huo. Wanafunzi walipomwuliza Yesu ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu, Bwana alikataa kuwahukumu yeye na wazazi wake (Yn 9:1-3). Jibu hilo latutosha hata leo.

Yakadiriwa kwamba hapa Tanzania mtu mmoja kati ya 1,400 hivi ana ualbino, hali Ulaya na Amerika ya Kaskazini ni mmoja kati ya 17,000 hadi 20,000. Basi hawa si wageni kwetu. Ni watoto wa vijiji vyetu. Adui yao mkubwa wa kila siku ni jua, liletalo saratani ya ngozi, pamoja na macho yasiyoona mbali. Kofia pana, mikono mirefu, mafuta ya kukinga jua kama yale yanayotengenezwa Moshi, na kiti cha mbele darasani: hayo ndiyo yanayookoa maisha yao. Nao wakipewa nafasi huweza. Mwaka 2008 Al-Shaymaa Kwegyir aliteuliwa kuwa mbunge, na mwaka 2010 wananchi wa Lindi Mjini walimchagua Salum Barwany awawakilishe.

4. Weupe unaonunuliwa na weupe unaowindwa

Lipo jambo la kushangaza katika jamii yetu. Dada zetu, na siku hizi hata kaka zetu, hujipaka mkorogo ili wawe weupe, ingawa vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku na huharibu ngozi na figo. Binti mweusi huambiwa kwamba ni mzuri ila tu ni mweusi. Bwana harusi husifiwa kwa kupata mke mweupe. Na jamii hiyo hiyo humkimbia mtoto aliyezaliwa na ngozi nyeupe bila kununua chochote dukani.

Mambo hayo mawili yana mzizi mmoja, nao ni kuipa ngozi thamani ambayo Mungu ameiweka katika mtu mzima. Ulimi wetu huulisha mzizi huo. Twasema ana roho nyeusi, ana moyo mweupe. Na katika mahubiri na michezo ya kuigiza shetani hupakwa masizi. Watoto wetu, walio weusi, husikia na kujifunza. Lakini Isaya alipotaka kuieleza dhambi aliifananisha na rangi nyekundu (Isa 1:18), wala hakuna aliyeanza kuziogopa nguo nyekundu. Mzee wetu wa kusema maji ya kunde alijua kuitaja rangi ya mtu bila kumpandisha wala kumshusha. Lugha yetu ina hazina hiyo, tuitumie.

5. Jirani zetu na historia yetu

Tusidhani kwamba maneno hupita kama upepo. Nchini Rwanda watu waliitwa inyenzi, yaani mende, na redio ya RTLM, iliyoanza mwaka 1993, ikaieneza lugha hiyo. Mwaka 1994 majirani waliwaua majirani zao, na waliuawa hata ndani ya makanisa. Mahakama ya Kimataifa iliyoketi Arusha, katika hukumu yake ya Desemba 2003, iliwatia hatiani watu walioendesha vyombo vya habari. Waliwajibishwa kwa maneno waliyoyaeneza.

Historia yetu yatupa pia mfano mwema. Oktoba 1961, miezi miwili kabla ya Uhuru, baadhi ya wabunge walitaka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Mwalimu Nyerere alikataa kuupima uraia kwa rangi ya ngozi, akawa tayari kujiuzulu pamoja na serikali yake. Aliyekuwa akitetewa siku ile alikuwa Mhindi na Mzungu, lakini kanuni ni ile ile inayomtetea mtoto mwenye ualbino.

6. Wajibu wa Kanisa

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Furaha na Matumaini ya mwaka 1965, namba 29, ulifundisha kwamba kila ubaguzi unaotokana na rangi ni kinyume cha mpango wa Mungu. Mafundisho tunayo. Lakini mwaka 2024, mkoani Kagera, mtoto mdogo wa kike mwenye ualbino alichukuliwa kutoka nyumbani kwao akauawa, na miongoni mwa walioshtakiwa mwaka huo alikuwamo padre. Kutoa hukumu ni kazi ya mahakama, si yetu. Letu ni kulishika fundisho moja: hakuna kanzu, kitambaa cha chama cha kitume, wala cheo parokiani kinachomhakikishia mtoto usalama, iwapo ndani ya mioyo yetu yeye bado ni dili.

Kwa hiyo twawasihi mambo manne. Wazazi, mtoto akizaliwa na ualbino, mleteni Ubatizo mbele ya jumuiya nzima kama ndugu zake, wala msimfiche ndani. Makatekista na walimu, yasahihisheni maneno mabaya pale pale yanaposemwa. Wajumbe wa jumuiya, zijueni nyumba zenye watoto hawa, muwasindikize shuleni, na mkisikia neno la kuwawinda lipelekeni polisi siku hiyo hiyo. Na tarehe 13 Juni, ambayo Umoja wa Mataifa umeitenga tangu mwaka 2015 kwa ajili ya kuelimishana juu ya ualbino, isipite parokiani bila sala na mafundisho.

Maswali ya kutafakari katika Jumuiya

1. Ni maneno gani ya kutaja rangi ya watu yanayotumika katika mtaa wetu? Lipi linamwacha mtu mezani, na lipi linamtoa nje?
2. Katika eneo la jumuiya yetu yuko nani mwenye ualbino? Je, twamjua kwa jina?
3. Ni jambo gani moja tutakalolitenda kabla ya mkutano ujao, na ni nani atakayelisimamia?